Uzi: Muyaka bin Haji tunamsifu sote. Mwalimu Sikujua je?

Mtepe (#1)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite zake mapema.

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alitukaririsha sentensi moja kuhusu Muyaka bin Haji al-Ghassaniy: "Aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni." Ukiiandika kwenye mtihani unapata alama zako, hakuna anayekuuliza msikiti gani wala soko gani. Niliiandika, nikapata alama, nikasahau. Miaka imepita, juzi nimerudi kumsoma Muyaka mwenyewe, si kuhusu Muyaka, na sentensi ile imeanza kunikera.

Kwanza kwa wasiomjua. Muyaka ni mtu wa Mombasa, yaani Mvita. Inakadiriwa alizaliwa mwaka 1776 hivi, akafariki mwaka 1840 hivi. Aliishi mji ukiwa mikononi mwa Wamazrui, wale waliokuwa wakitawala kutoka ndani ya Ngome ya Yesu na kukataa kuwatii watawala wa Oman. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa safari za baharini. Mashairi yake yanagusa kila kitu: vita, mapenzi, ugomvi wa nyumbani, dhiki ya mfukoni, dunia inavyopinduka. Wanaosema umbo la shairi la mistari minne, mizani (yaani silabi) kumi na sita kila mstari, lilipata hadhi yake kwa mkono wa Muyaka hawakosei sana.

Sasa, kinachonikera. "Aliutoa msikitini" inakufanya uone kama kabla yake Waswahili walikuwa hawatungi ila dua na visa vya mitume. Tenzi za dini zilikuwepo, ndiyo, na nzito: Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, zaidi ya miaka arobaini kabla Muyaka hajazaliwa. Lakini watu walikuwa wakiimba gungu na nyimbo za harusi, na mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo, yule shujaa wa masimulizi ya pwani, yalikuwa vinywani mwa watu tangu zamani. Soko lilikuwa na ushairi wake. Ila wenye kalamu hawakuona haja ya kuuandika. Tenzi ziliandikwa kwa sababu kunakili utenzi wa dini ni thawabu. Nani atakupa thawabu kwa kunakili shairi la mtu aliyegombana na mkewe?

Ndipo nikajiuliza: basi haya ya Muyaka yalitufikiaje?

Na jibu ndilo lililonifanya nifungue uzi. Muyaka alipokufa, hakukuwa na diwani, kulikuwa na watu. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa wazee wa Mombasa kwa takriban nusu karne. Mtu aliyeyatafuta, akayakusanya kutoka kwa wale waliobaki nayo kichwani, akayaandika kwa hati ya Kiarabu, anaitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Alikuwa mshairi na mwanachuoni wa hapo hapo Mombasa, akafariki mwaka 1890. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, aliyefika pwani katika miaka ya 1880. Makaratasi ya Taylor yakaishia London, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS. Huko William Hichens akayatoa, na mwaka 1940 ikachapishwa Diwani ya Muyaka, Johannesburg. Mwaka 1979 ikaja kazi kubwa ya Mohamed Hassan Abdulaziz, iliyochapishwa Nairobi.

Angalieni safari hiyo. Shairi linatoka Mji wa Kale, linakwenda London, linapita Johannesburg, halafu ndipo linarudi Nairobi. Miaka mia na arobaini karibu.

Na katika mlolongo wote huo, jina linaloachwa njiani kila mara ni moja. Vitabu vya shule vinamtaja Muyaka. Wasomi wanamtaja Taylor, wanamtaja Hichens. Mwalimu Sikujua akibahatika anapata nusu sentensi: "kwa msaada wa mwenyeji mmoja". Mwenyeji mmoja! Mtu aliyekaa na wazee akiwasikiliza, akapima beti ipi imekamilika na ipi imemong'onyoka, akamweleza mgeni hili neno maana yake nini. Dai langu ni hili: Muyaka tunayemsoma leo ni Muyaka wa Sikujua. Bila yeye tungekuwa na jina tu, kama tulivyo na majina ya washairi wengine wengi wa enzi ile ambao hatuna hata beti moja yao.

Karibuni. Naomba kuwasilisha.

kaskazi_na_kusi (#2)

Mtu anaitwa Sikujua, ndiye pekee aliyejua. Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mpiga Soga (#3)

Mkuu uzi mzuri lakini umeandika insha nzima hujaweka hata ubeti mmoja. Tunamjadili fundi bila kuona meza yake?

Mtepe (#4)

Haki yako. Chukua huu, ndio unaojulikana zaidi:

*Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele;*
*Kimya chataka k'umbuu, viunoni mtatile;*
*Kimya msikidharau, nami sikidharawile;*
*Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.*

Kwa ndugu zangu wa bara: *wambavyo* ni "wasemavyo". *Wavyele* ni wazazi, wazee waliotutangulia. *K'umbuu* ni mshipi wa kitambaa wa kujifunga kiunoni. *Mtatile* ni "mmezungusha, mmejifunga". Hiyo *-ile* ya mwisho ni wakati timilifu wa zamani wa Kimvita, ndiyo inayorudi tena kwenye *sikidharawile*, "sijakidharau".

Tazama mstari wa pili. Kimya kwa kawaida ni mtu amekaa, ametulia, mikono mapajani. Huyu anakwambia kimya kinataka ujifunge kibwebwe! Adui yako akinyamaza, ndiyo saa ya kujiandaa. Na mstari wa tatu sikuuona mara ya kwanza. Hasemi tu "nyinyi msikidharau", anajitia na yeye mwenyewe: *nami sikidharawile*. Anaonya akiwa ndani ya mtumbwi ule ule.

Halafu fundi anapokaza fundo: mistari mitatu ya kwanza mwisho wake ni *-le* (*wavyele, mtatile, dharawile*). Mstari wa nne ile *-le* inahamia katikati, *mbele*, na mwisho inakuja sauti mpya kabisa, *kimya*. Neno lililoanza kila mstari sasa limekwenda kusimama mwisho. Ubeti umefungwa kwa kimya, na ukisoma kwa sauti, baada ya hapo unanyamaza kweli.

MwalimuMstaafu (#5)

Nimefundisha ushairi miaka ishirini na saba, kwa hiyo mniwie radhi kwa ukorofi. Mstari wa kwanza una kasoro ya mizani. Hesabuni kwa vidole:

ki-mya-ki-na-m-shi-ndo-m-ku-u

Kumi. Kipande, yaani nusu ya mstari, kinatakiwa kiwe na nane. Mwanafunzi wangu angeniletea hivi ningempiga kalamu nyekundu. Sasa Mtepe, ama Muyaka alikosea, ama huyo Sikujua wako alikosea. Chagua.

Mtepe (#6)

Mwalimu shikamoo. Umenishika pabaya.

Ila wewe umehesabu kwa jicho. Soma kwa mdomo wa mtu wa Mvita anayeghani. Zile *m* mbili hazisimami peke yake, zinamezwa na konsonanti inayofuata: ki-mya-ki-na-mshi-ndo-mku-u. Nane.

MwalimuMstaafu (#7)

Marahaba. Lakini hapo hapo unajitia kitanzi mwanangu. Kama *m* inamezwa, basi *viunoni mtatile* inabaki na saba, maana pale ni lazima ihesabiwe: vi-u-no-ni-m-ta-ti-le. Huwezi kumeza mstari wa kwanza ukatema mstari wa pili. Sheria ni msumeno.

Bint Makadara (#8)

Hodi hodi. Mimi mwenyeji wa huko mnakokuzungumzia, naomba niingilie kabla wazee hawajashikana mashati.

Mwalimu, heshima yako ipo pale pale, lakini shairi hili halikutungwa lisomwe kimya kimya kwenye karatasi. Lilitolewa kwa sauti, na mghani ana nafasi yake ya kuvuta hapa na kubana pale. Mimi nimekua nikisikia wajomba wakighani. *M* ya *mti* wanaweza kuikalia hata pumzi nzima wakiitaka. Wasipoitaka inapita kama haikuwepo. Hiyo sheria ya msumeno ilikuja na vitabu.

Halafu niseme la pili, maana hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka. Bibi yangu hakujua kusoma hati za kizungu. Sisi wajukuu tukirudi nyumbani tumevaa vizuri, tumepata vijikazi vyetu, tumeanza kujiona, alikuwa anatutazama tu halafu anasema: "Usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi." Anaendelea kuchambua mtele wake. Mimi nikijua ni msemo wa bibi! Nimekuja kukutana nao chuoni, kwenye kitabu, umeandikwa Muyaka. Nililia, wallahi. Si kwa huzuni. Nilihisi kama nimemkuta bibi maktabani.

Mtepe (#9)

Bint Makadara umenipa zawadi na hujui. Huo ni mstari wa mwisho wa ubeti unaoanza:

*Dunia mti mkavu, kiumbe siulemele*

Yaani dunia ni mti uliokauka, wewe mwanadamu usiuelemee kwa uzito wako wote, utakuangusha. Na unafungwa kwa hilo la bibi: *Usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi.*

Mwalimu, hesabu huu sasa. Du-ni-a-m-ti-m-ka-vu, nane. Ki-u-mbe-si-u-le-me-le, nane. U-si-o-ne-kwe-nda-mbe-le, nane. Ku-ru-di-nyu-ma-si-ka-zi, nane. Hakuna unywele unaopita. Na hapa *m* ya *mti* na ya *mkavu* zote zimehesabiwa, kwa hiyo nakubali, hoja yangu ya kumeza si kanuni. Ni ruhusa. Muyaka anaitumia akitaka, kama alivyosema Bint Makadara.

Ila angalia jambo moja. Ukiandika *usiulemele*, kama anavyoandika mtu aliyezoea Kiswahili sanifu, unapata tisa. Silabi moja ya "usahihi" imevunja kipande. Ndiyo maana nasema tuwe na adabu na aliyeyapokea mashairi haya kwa sikio lake. Sikio la Sikujua lilijua kuwa pale pana *siulemele*.

kaskazi_na_kusi (#10)

Sawa, nyinyi endeleeni kuhesabu silabi, mimi nina swali la wananchi. Huyu Muyaka si alikuwa chawa tu wa Wamazrui? Rafiki wa watawala, anawasifia, anawachamba maadui zao. Angekuwepo leo tungemkuta kwenye kampeni amevaa fulana na kofia. Mnamwita mshairi wa watu kwa kipi?

Mwamu wa Mkomani (#11)

@kaskazi_na_kusi nakuunga mkono, na mimi ni mtu wa Lamu, nina kesi ya zamani na huyu bwana. Alituimba sana kabla ya vita vya Shela, hapo kisiwani kwetu. Wakaja watu wake wa Mombasa pamoja na wa Pate kutupiga, mwaka 1812 au 1813 hivi. Tukawapiga pale pale mchangani. Walipotaka kukimbilia vyombo vyao, maji yameshakupwa, majahazi yamelala mchanga. Mabaharia gani wanaokwenda vitani bila kuangalia bamvua na maji mafu?

Na mshairi wetu, Zahidi Mngumi, alikuwa akimjibu Muyaka ubeti kwa ubeti. Huyo mbona hamumfungulii uzi?

Mtepe (#12)

Hahaha, Mwamu, miaka mia mbili na bado unatutia chumvi kwenye kidonda.

Nijibu la chawa kwanza. Kwamba alikuwa upande wa Wamazrui, hasa liwali Abdallah bin Ahmad, hilo halina ubishi. Lakini tazama mji ulivyokuwa. Wamesukwasukwa na kila upepo: Shela wamepigwa. Baada ya Shela, Lamu imekwenda kuomba hifadhi kwa Sayyid Said wa Oman, kwa hiyo adui amesogea mlangoni. Mwaka 1824 Mombasa inapandisha bendera ya Waingereza kupitia nahodha Owen ili isimezwe, 1826 Waingereza wanaondoka zao. Kuanzia 1828 Sayyid Said anakuja mwenyewe na merikebu, zaidi ya mara moja. Mwaka 1837 mji unaanguka, wakubwa wa Mazrui wanakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, waliobaki wanakimbilia Gazi na Takaungu. Muyaka ameishi hadi hapo. Ameyaona yote, toka mji una kiburi hadi mji umenyamaza.

Chawa anakaa kwa mwenye nacho, na mwenye nacho akianguka anahama. Upande wa Muyaka ulishindwa. Na ukisoma mashairi yale utaona anayeambiwa mara nyingi si mtawala, ni watu wa mji: *msikidharau*, *tahadharini*. Anauita mji wake kwa majina yake ya kale, kama mtu anayemwita mama yake kwa jina la ujana: *Gongwa nda Mwana Mkisi, Mvita mji wa kale*. *Nda* ni "ni ya". Gongwa ni ya Mwana Mkisi, yule malkia wa masimulizi, kabla ya Shehe Mvita, kabla ya Mreno, kabla ya Mazrui wenyewe. Ukisema mji ni wa Mwana Mkisi, unamkumbusha hata rafiki yako aliyekaa ngomeni kwamba naye ni mpangaji.

Hilo ni langu mimi, mnaweza kulipinga.

Zahidi Mngumi: nakubali kwa mikono miwili. Kujibizana ndiyo injini ya ushairi ule. Ukimsoma Muyaka peke yake ni kama kusikiliza simu upande mmoja. Fungua uzi wa Mngumi, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Mwamu wa Mkomani (#13)

Nitafungua. Maji yakijaa.

Mpiga Soga (#14)

Mimi nina swali la kijinga. Hati ya Kiarabu mnayoisema, inawezaje kuandika Kiswahili? Waarabu hawana *p*, hawana *e*, hawana *ng'*. Sasa Sikujua ameandika, Taylor amesoma, tunajuaje Taylor hakusoma vingine?

Mtepe (#15)

Si la kijinga hata kidogo. Nilisubiri mtu aliulize.

Hati ile ina alama tatu za irabu: fatha, kasra, dhumma. Sisi tuna irabu tano. Kwa hiyo *i* na *e* zinagawana kasra, *o* na *u* zinagawana dhumma. Chukua herufi kaf mbili, weka dhumma juu ya kila moja. Umeandika nini? *Kuku*, *koko*, *kuko*? Msomaji ndiye anayeamua. Konsonanti nazo hivyo hivyo: mwandishi mmoja *p* anaiandika kwa herufi ya *b*, mwingine *v* kwa *f*, na *m* au *n* iliyotangulia *b* au *d* mara nyingi haiandikwi kabisa. Neno *mbele* likiandikwa kwa mtindo huo, mgeni anaweza kusoma *bili*, *mbili*, *bele*, *pele*.

Hapo sasa ndipo vina na mizani zinapofanya kazi ambayo hatukuambiwa darasani. Tuliambiwa ni mapambo. Ni kufuli! Kama unajua mistari mingine inaishia kwa *-le*, kama *siulemele*, basi hilo neno ni *mbele*, huna hiari. Kama kipande kina nane, huwezi kuongeza wala kupunguza bila mlango kulia. Ndivyo vilevile ilivyomsaidia mzee aliyekaa na ubeti kichwani miaka hamsini: akisahau neno, kina kinamnong'oneza. Shairi lilibebeka kwa sababu lilikuwa limefungwa kamba.

Lakini kufuli halitoshi. Taylor alikuwa na sikio zuri, hilo nampa. Alitofautisha *t* za Kimvita, ile ya meno na ile ya ufizi, na akaweka alama ya pumzi kama kwenye *k'umbuu*, jambo ambalo tahajia yetu ya leo imeliacha. Ila sikio lile lilifundishwa na nani? Mtu hazaliwi Uingereza akijua k'umbuu ni nini. Aliambiwa. Aliyemwambia alikuwa ameketi upande wa pili wa meza.

MwalimuMstaafu (#16)

Hapa umenena. Hilo la kufuli nitaliiba, nina wajukuu wanaosoma.

Niongeze kitu ambacho vijana hamkijui. Mnashangaa kwa nini wanafunzi wanamwona Muyaka mgumu kuliko Shaaban Robert. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano wa kuchagua lahaja itakayokuwa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Ikachaguliwa ya Unguja. Mkutano ulifanyika wapi? Mombasa. Wamisionari wa pale walikuwa wametafsiri na kufasiri kwa Kimvita miaka mingi, walipinga kweli kweli, wakashindwa. Tangu siku hiyo Muyaka akawa anahitaji faharasa ya maneno chini ya ukurasa. Lugha ya mshairi ilipigwa kura ikashindwa nyumbani kwake.

Bint Makadara (#17)

Lo, mwalimu. Hilo la ukumbi nilikuwa silijui.

Lakini isidhaniwe kuwa mti ulikauka. Ahmad Nassir Juma Bhalo, diwani yake ikaitwa Malenga wa Mvita, 1971. Zile nyimbo za taarabu za mwimbaji Juma Bhalo (huyu ni mwingine), Mungu amrehemu, nyingi maneno yake ni ya huyo Ahmad Nassir. Wazee wetu hawakuwa wakisema wanasikiliza mashairi, walikuwa wakisema wanamsikiliza Bhalo, lakini vina vilikuwa pale pale, mizani pale pale. Harusini kwetu, mwanamke akitaka kumwambia mwenzake neno lake, anaomba wimbo fulani upigwe na kumtazama. Hiyo si sokoni? Hiyo si Muyaka?

Na Abdilatif Abdalla, huyu aliyefungwa mwaka 1969 kwa waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", akakaa kifungoni mpaka 1972, akatoka na Sauti ya Dhiki. Imeandikwa Kimvita. Lugha iliyosanifiwa na serikali aliijua vizuri, akaiweka kando.

kaskazi_na_kusi (#18)

Haya hapo nimekubali. Kutoka mshairi aliye rafiki wa ngome hadi mshairi anayefungwa na serikali. Mmoja alionya mji na mwingine aliuliza nchi inakwenda wapi. Neno chawa nalifuta. Ila rafiki wa wakubwa alikuwa, hilo silifuti.

Mpiga Soga (#19)

Ndugu mleta uzi, narudi kwenye hoja yako ya kwanza. Hivi huoni unamkuza sana Sikujua? Kuandika alichosema mwingine si kutunga. Karani wa mahakama haitwi hakimu.

Mtepe (#20)

Karani wa mahakama anaandika mbele ya hakimu aliye hai, na akikosea anasahihishwa. Huyu hakimu amekufa miaka mingi, mashahidi ni wazee waliobaki, kila mmoja ana toleo lake. Mmoja anakumbuka beti mbili, mwingine tatu lakini kwa mpangilio mwingine. Mtu wa katikati lazima apime. Kwa kipimo gani? Kwa ushairi wake mwenyewe. Ni kwa sababu alikuwa mshairi ndiyo maana alisikia palipolegea.

Na hapa nakiri lile ambalo linaniumiza katika hoja yangu mwenyewe: mtu anayeweza kusikia palipolegea, anaweza pia kupakaza. Inawezekana kuna mstari tunaomsifia Muyaka ambao ni kiraka cha Mwalimu Sikujua, au cha bibi fulani wa Kibokoni ambaye hatutamjua kamwe. Mimi hilo halinipunguzii raha. Bibi wa Makadara naye alikuwa na toleo lake akichambua mtele.

Ninachotaka ni kidogo. Kitabu kikisema "Muyaka bin Haji", mstari unaofuata useme "kama yalivyokusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah". Basi. Maneno machache tu, hayatajaza ukurasa.

MwalimuMstaafu (#21)

Nimekaa hapa na chai yangu imepoa. Nimemtungia mzee wako ubeti mmoja, kwa umbo lile lile la Muyaka, kina cha mwisho kinahamia katikati:

*Sikujua ulijua, ukaandika kwa wino,*
*Beti ukazichukua, za Muyaka na mifano,*
*Leo tunakutambua, kwa kazi yako ya mikono,*
*Hukuacha hata neno, likazama baharini.*

Mtepe (#22)

Mwalimu, Mungu akuweke. Ila mstari wa mwisho umemsifu kupita kiasi, mengi yalizama, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema.

Bint Makadara (#23)

Mwalimu, kwa heshima zote na shikamoo juu. Mstari wa tatu, kipande cha pili. Nimehesabu mara tatu: kwa-ka-zi-ya-ko-ya-mi-ko-no.

Tisa.

MwalimuMstaafu (#24)

Toa hiyo *kwa*.

Na kalamu nyekundu naomba uniazime.